Great Ocean Road: Barabara isiyotaka haraka

*Kila wikiendi wanafunzi kutoka Afrika Mashariki walioko Melbourne huchanga fedha, hukodi gari na kuishika njia ya pwani. Wengi huenda na kurudi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo taabu inapoanzia.*

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Kwenye ofisi ya magari ya kukodi katikati ya Melbourne wamesimama vijana watano na mizigo yao: chupa ya chai ya tangawizi, chapati zilizofungwa kwa karatasi ya foili, spika ndogo, majaketi mazito. Gari wameshalilipia kwa simu. Kilichowasimamisha ni mkataba uliowekwa mezani na swali la mhudumu: nani ataendesha?

Mkenya ana leseni na ndiye mzoefu kuliko wote, ila yuko Victoria tangu mwaka jana. Jimbo hili humruhusu mwenye viza ya muda kutumia leseni ya kwao kwa miezi sita tu. Baada ya hapo lazima apate leseni ya Victoria, na kwa mwenye leseni ya Kenya au Tanzania hiyo ni mitihani, ya kuandika na ya barabarani. Bado hajaifanya.

Mrundi naye anayo leseni. Imeandikwa kwa Kifaransa, hivyo inahitaji tafsiri rasmi, na tangu azaliwe amezoea magari yanayokaa kulia mwa barabara. Mkongo wa Bukavu hajawahi kushika usukani. Wa nne, Mtanzania, ana miaka 20, na kampuni nyingi hazimpi gari mtu aliye chini ya miaka 21. Anabaki Mtanzania wa pili, mwenye miaka 23, aliyefika muhula huu. Yeye anakubalika, kwa nyongeza wanayotozwa madereva ambao hawajatimiza miaka 25.

Kwa hiyo dereva ni mmoja. Mpango ni kwenda hadi kwenye minara ya mawe iitwayo Twelve Apostles, kupiga picha, na kurudi kabla ya usiku wa manane kwa sababu wawili kati yao wana zamu kazini Jumapili. Ukipita pwani kwenda na bara kurudi, unazidi kilomita 500. Ni saa zipatazo nane za usukani, bila kuhesabu vituo.

> Dereva mmoja, zaidi ya kilomita 500, siku moja.

Makundi ya namna hii ni mengi. Wapo waliokuja kwa ufadhili wa Australia Awards, wapo ambao wazazi wao waliuza shamba ili wapate karo, wapo watoto wa wakimbizi wa Kongo walioingia chuo wakitokea vitongoji vya Melbourne. Wanakutana darasani, kanisani, msikitini, kwenye mechi za mpira. Likizo fupi ikifika, mtu mmoja hutaja jina la barabara hiyo, na siku mbili baadaye michango imeshatimia. Nimewasikiliza wengi wakisimulia safari yao. Wengi hukumbuka uchovu kuliko bahari, na hilo linanisikitisha, kwa kuwa ni safari inayostahili kukumbukwa vizuri.

Sururu, koleo na baruti

Great Ocean Road huanzia Torquay, mwendo wa kilomita mia moja hivi kusini-magharibi mwa Melbourne, na kuishia Allansford, jirani na Warrnambool. Urefu wake ni kilomita 243. Kuanzia Anglesea hadi Apollo Bay sehemu kubwa imechongwa ubavuni mwa milima ya Otway: mkono mmoja jabali, mkono mwingine maji. Kona hufuatana moja baada ya nyingine, nyingine kali kiasi kwamba huwezi kuona gari linalokuja mpaka limefika.

Iliyoichonga ni mikono ya watu. Kazi ilianza mwaka 1919, na askari wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia walishiriki. Walitumia sururu, koleo, mikokoteni ya farasi na baruti, wakilala kwenye mahema. Howard Hitchcock, aliyekuwa meya wa Geelong, ndiye aliyehimiza michango na kuiongoza kazi, naye alifariki Agosti 1932, miezi michache kabla barabara haijafika Apollo Bay na kufunguliwa rasmi.

Askari wale walikuwa wanawajengea wenzao ambao hawakurudi. Australia ilipoteza watu wapatao 60,000 katika vita hivyo, na barabara nzima iliwekwa iwe kumbukumbu yao. Pale Eastern View lipo tao la mbao linalovuka njia, na kando yake sanamu ya wachapakazi wawili. Mabasi ya watalii husimama hapo kwa dakika chache. Vijana huruka juu ili wapigwe picha wakiwa hewani chini ya tao, kisha hao, safari inaendelea.

Mtu wa Afrika Mashariki akisimama hapo ana jambo lake la kuwaza. Vita hivyo hivyo vilipiganwa kwetu pia, kuanzia Taveta hadi Mahiwa na ng'ambo ya Ruvuma, na waliovibeba begani walikuwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Eneo la Kariakoo la Dar es Salaam, kama lile la Kariokor la Nairobi, lilikuwa kambi yao. Tunayo Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale katikati ya Dar es Salaam, na wenzake wa Nairobi na Mombasa. Majina ya wapagazi, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi kwamba Waafrika hao hawakupewa heshima waliyopewa wengine, ikaomba radhi.

Sisemi haya ili kuwaonea wivu Waaustralia barabara yao. Nasema kwa sababu kijana aliyesoma habari hizi kabla ya kuondoka hushuka garini pale taoni, husoma kibao, na huuliza babu wa babu yake alikuwa wapi mwaka 1917. Hayo hayawezekani kwa kituo cha dakika tano.

Bahari isiyo na mwamba

Mtoto wa Paje au Diani hukua akijua kwamba mbele yake kuna mwamba wa matumbawe. Mawimbi huvunjikia huko mbali, na maji yanayomfikia ni ya kuchezea. Hujua kupwa na kujaa, hujua kusi na kaskazi. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini hapa unaweza kumponza.

Mwambao huu hauna kinga hiyo. Mawimbi hutoka Bahari ya Kusini, ile inayozunguka Antaktika, yakisafiri maelfu ya kilomita bila kukutana na nchi kavu. Ndiyo maana Torquay ikawa makao ya wateleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kampuni za Rip Curl na Quiksilver zilizaliwa huko mwaka 1969, na mashindano ya Bells Beach yanafanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wimbi linalompendeza mwenye ubao ndilo linalomzamisha asiyelijua.

> Wimbi linalompendeza mwenye ubao ndilo linalomzamisha asiyelijua.

Maji mengi yanayorushwa ufukweni lazima yarudi, nayo hutafuta mfereji wa kupitia. Ukiwa ndani ya mfereji huo, unavutwa kuelekea baharini hata kama unaogelea vizuri. Mara nyingi sehemu hiyo huonekana tulivu kuliko pembeni yake, na mgeni huichagua kwa sababu hiyo hiyo. Waokoaji husimika bendera mbili za nyekundu na njano pale walipopakagua. Oga katikati ya hizo bendera tu. Kama hakuna bendera, vua viatu, tembea kwenye mchanga, inatosha. Ukivutwa, usipambane na maji: elea, nyoosha mkono juu, na uende kwa ubavu, sambamba na ufukwe.

Bahari hiyo imeshachukua wengi. Usiku wa kuamkia Juni 1, 1878, meli ya matanga Loch Ard ikitoka Uingereza ilikuwa imebakiza safari fupi tu kufika Melbourne. Ukungu ulifunika magenge, na meli ikagonga mwamba wa kisiwa cha Mutton Bird. Ndani yake walikuwamo watu 54. Walionusurika ni wawili: Tom Pearce, mwanagenzi wa meli, na Eva Carmichael, msichana wa Ireland aliyekuwa anahamia na familia yake. Wote walikuwa na umri wa miaka kama 18. Tom alitupwa na maji hadi kwenye ghuba nyembamba, akamsikia Eva akipiga kelele, akarudi majini kumtoa. Kisha akapanda genge kutafuta msaada.

Eva alipoteza wazazi na ndugu zake aliosafiri nao. Baada ya miezi michache alirudi Ireland. Leo ghuba hiyo inaitwa Loch Ard Gorge, na makaburi ya baadhi ya waliozama yako juu ya genge, hatua chache kutoka kwenye maegesho. Umri wa Eva ni umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nashauri kila kundi litenge saa nzima hapo, hata kama itabidi kupunguza muda wa picha kule kwenye minara.

Mawe yanayoanguka

Minara ya Twelve Apostles iko umbali mfupi kutoka hapo. Haikuwahi kuwa kumi na mbili. Ilipopewa jina hilo ilikuwa tisa, na Julai 3, 2005 mmoja ulibomoka mbele ya macho ya wageni, mrefu kuliko ghorofa kumi, ukawa kifusi ndani ya sekunde. Ipo minane.

Magenge haya ni ya mawe ya chokaa, laini, na bahari huyatafuna chini hadi yanatoboka pango, pango likawa tao, tao likaanguka na kuacha nguzo. Mwaka 1990, Januari 15, sehemu ya tao lililoitwa London Bridge iliporomoka na kuwaacha watalii wawili upande wa baharini, hadi helikopta ilipokuja kuwachukua. Kwa hiyo uzio unaouona si wa kuwabania wenye kamera. Kuuvuka kwa ajili ya picha ni kusimama juu ya kitu ambacho kinasubiri kuanguka.

Siku moja au mbili?

Hapa ndipo maoni yanapogawanyika.

Wanafunzi wana hoja, na hoja yao ni fedha. Tangu Julai 2025 ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ni dola 2,000 za Australia. Muhula ukiwa unaendelea, sheria humruhusu kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili, basi. Zamu za wikiendi, hasa Jumapili, mara nyingi ndizo zenye malipo manono. Kulala usiku mmoja Lorne, mji wa pwani ulio njiani, wakati wa kiangazi kunaweza kumeza mshahara wa zamu nzima. Anayesema "twende turudi" si mzembe, amepiga hesabu zake.

Wakazi wa pwani nao wana yao. Kabla ya janga la Uviko-19 eneo hili lilipokea zaidi ya wageni milioni tano kwa mwaka, na wengi wao walikuwa wa kupita. Port Campbell, mji ulio karibu na minara, una wakazi mia chache. Mgeni wa kupita hutumia choo, hujaza pipa la taka, hununua kahawa, huondoka. Nyuma yake ameacha foleni ya magari ya watu wanaowahi hospitali au shule, kwa sababu dereva mgeni hutambaa kwenye kona na hajui kwamba vile vituo vya pembeni vimewekwa ili awapishe wenye haraka.

Na barabara yenyewe ni njia pekee kwa vijiji kadhaa. Sikukuu ya Krismasi ya 2015 moto wa msituni uliteketeza nyumba 116 za Wye River na Separation Creek. Watu waliondolewa mapema na hakuna aliyekufa. Miezi tisa baadaye, Septemba 2016, mvua zikaleta maporomoko ya udongo kwenye milima ile ile iliyoachwa wazi na moto, njia ikafungwa. Ukijaza barabara nyembamba kama hiyo kwa maelfu ya madereva wasioijua katika siku ya joto kali, unawaongezea wakazi hofu ambayo hawakuiomba.

Kuna upande wa tatu ambao wageni huusahau: wenye nchi, yaani wenyeji wa asili. Upande wa Torquay ni ardhi ya Wawadawurrung. Magharibi ni ya Waeastern Maar, ambao Machi 2023 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki yao ya asili juu ya eneo kubwa linalojumuisha sehemu hii ya pwani. Kwao magenge haya yalikuwa nyumbani maelfu ya miaka kabla ya sururu ya kwanza. Mamlaka iliyoundwa mwaka 2020 kusimamia mwambao wote inatakiwa kufanya kazi nao.

Mimi nasimama na siku mbili. Sababu ya kwanza ni uhai. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akaendesha kona mchana kutwa, jioni anaingia njia ya bara kukiwa giza, saa ambazo kangaruu hutoka kulisha kando ya lami. Baadhi ya mikataba ya magari hata haimlipii mtu aliyegonga mnyama usiku nje ya mji, na ajali ikitokea dereva anaweza kudaiwa maelfu ya dola. Sehemu kubwa ya Otway simu haishiki mtandao. Hayo yote yanaepukika kwa kulala Apollo Bay.

Sababu ya pili ni kwamba ukilala, mji unakujua. Unakula kwao, unaulizia njia, unasikia habari za bahari kutoka kwa mvuvi badala ya kipaza sauti cha basi. Hosteli zipo, zenye vitanda vya deka kama vya bweni, na watu watano wakichangia jiko na sufuria moja ya wali, gharama hushuka sana. Asubuhi ya pili mnaifikia minara kabla ya mabasi ya Melbourne, ambayo hufika mchana.

> Ukilala, mji unakujua.

Kuna jambo dogo la uelekeo ambalo wengi hulikosea. Hapa magari hukaa kushoto, kama kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. Ukienda kutoka Torquay kuelekea magharibi, bahari iko kushoto kwako, na sehemu za kusimama kuitazama ziko upande huo huo. Unaingia na kutoka bila kukata njia ya wanaokuja. Ukianzia mwisho, kila kituo ni kuvuka barabara kwenye kona. Mwenzenu aliyezoea kuendesha upande wa kulia akipata zamu ya usukani, basi iwe kwenye barabara pana zilizonyooka, mchana, na mmoja akae mbele kumkumbusha upande. Mishale imechorwa kwenye lami kwa ajili ya watu kama yeye, na imechorwa baada ya ajali.

Vyuo navyo visijitoe. Deakin ina kampasi Geelong na Warrnambool, karibu na mwanzo na mwisho wa njia hii, na Melbourne ina vyuo vingine vikubwa vinavyopokea wageni kwa maelfu. Somo la leseni, la upande wa barabara na la zile bendera mbili linastahili saa nzima katika wiki ya kupokea wanafunzi wapya, kabla hawajaanza kukodi magari.

Bila usukani, na nani alipie

Ipo njia nyingine ambayo nashangaa haitajwi mara nyingi. Tangu Machi 2023, nauli ya siku nzima ya treni na mabasi ya V/Line popote Victoria haizidi ile ya siku nzima ndani ya Melbourne. Treni inakufikisha Geelong, na basi kutoka hapo linafuata pwani, kona kwa kona, hadi Apollo Bay. Mwisho wa pili, Warrnambool, pana treni ya kurudi moja kwa moja hadi kituo cha Southern Cross, Melbourne. Kati ya Apollo Bay na Warrnambool basi hupita siku chache tu kwa wiki, kwa hiyo ratiba isomwe kabla ya kuchagua tarehe. Kwa kundi lenye dereva mmoja aliyechoka, au lisilo na dereva kabisa, hii ndiyo safari. Wote watano wanaitazama bahari.

Upo pia mjadala wa ada ya wageni, nao unawahusu wanafunzi wetu moja kwa moja. Kuingia hifadhi za taifa za Victoria ni bure, na kwa miaka kadhaa limekuwapo wazo la kuwatoza wageni wa Twelve Apostles ili fedha zitunze njia, vyoo na uzio. Wazo si baya, kwa sababu mawe na miji midogo inabeba mzigo wa watu wasioishi hapo. Lakini kumtoza kila kichwa sawa kungemwonea anayekuja kwa basi la umma na kulala mjini, ambaye ndiye mgeni wanayemtamani. Ada ikiwekwa, ifungwe kwenye gari na kwenye muda wa maegesho. Aliyelala Apollo Bay au Port Campbell apunguziwe, aliyeshuka kwenye basi la V/Line aachiwe, na sehemu ya fedha hizo iongeze mabasi ya wikiendi katika kile kipande cha magharibi.